Majivu Kwanza

Kiganja changu cha kushoto kina baka jeusi chini ya kidole gumba, kubwa kama kizibo cha soda. Watoto wa darasa langu la Jumapili wanalijua vizuri. Mgeni akija darasani, hata hajakaa, wenyeji wanaanza: "Mwalimu, mwonyeshe mkono." Namwonyesha, kisha nasimulia, kwa sababu nimechoka kulificha na siku hizi silionei aibu tena. Nililipata kwa ubishi wangu mwenyewe, Jumamosi moja mchana kweupe, nikiwafundisha watoto kutengeneza kile kisafina alichowekwa Musa akiwa mchanga.

Mimi si mwenyeji wa Mtwara. Nimezaliwa Songea, huku nimeletwa na kazi, na kazi yenyewe ni ukarani katika ofisi ndogo inayoshughulikia kutoa mizigo bandarini. Jumatatu mpaka Jumamosi asubuhi nashinda na makaratasi, mihuri, na madereva wa malori ya korosho ambao kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Muda unaobaki ni wa watoto. Nawafundisha hapa Ufukoni, katika chumba cha nyuma ya kanisa letu ambacho pia ni stoo ya viti vya plastiki na spika zilizokufa. Bati lake linawaka, dirisha lake halifunguki, na bado ndicho chumba ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kufanyia kazi.

Nina hasira za karibu. Afadhali niseme mapema, maana bila hizo nisingekuwa na la kusimulia.

Mwalimu wangu wa Jumapili nilipokuwa mdogo alikuwa na fimbo ya mpera na orodha ya mistari ya kukariri. Nilikariri. Mpaka leo naweza kuwataja wana kumi na wawili wa Yakobo bila kuvuta pumzi. Lakini nilikuwa mtu mzima, nina kazi na kitambulisho, nilipogundua kwamba wale walikuwa ndugu wa mama tofauti, wenye wivu na visasi kama nyumba nyingine yoyote. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Niliona nimeibiwa. Nikasema siku nikipewa watoto wa kufundisha, wataishika hadithi kwa mikono kabla ya kuipokea kwa masikio.

Ndipo nikaanza kuokota. Bandarini vitu vingi vinatupwa: katoni, kamba, magunia yaliyotoboka, mbao za kubebea mizigo. Wenzangu ofisini wakanipachika jina la Mama Makatoni. Tulijenga ukuta wa Yeriko kwa katoni, tukauzunguka tukipiga vuvuzela za vikonyo vya majani ya mipapai, na ulipoanguka uliangukia meza ya sadaka. Tulifanya mikate mitano na samaki wawili kwa maandazi na vibua wa kukaanga. Niliwaambia wagawane, nikitumaini watoto thelathini watamega kidogo kidogo na kila mmoja apate chochote. Waliokaa mbele walimega kama watu wenye njaa. Safu ya tatu haikupata kitu, wakaanza kulia, na mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, mbona vya Yesu havikuisha?"

Nilikimbilia nyumba ya pili. Pale anakaa bibi mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Mikindani, mjane, ukuta wake unapakana na wa kanisa. Asubuhi anapika vitumbua, mchana anasuka mikeka na makapu. Nilimkuta na beseni la vitumbua vilivyobaki, akanipa lote, hakutaka hata kusikia maelezo. Kwa mwezi mzima kila nilipopita alinipigia kelele kutoka barazani: "Mwalimu! Muujiza wenu siku ile ulitoka wapi?" Nami nilimjibu ukweli, kwamba ulitoka kwake.

Mwaka huo masika yalikuwa makali. Mto Ruvuma ulijaa ukamwagika mashambani, na baada ya Pasaka mwimbaji mmoja wa kwaya yetu akaja darasani na mtoto wa dada yake kutoka Kitaya, binti wa miaka tisa hivi, mwembamba, mwenye macho ya kukagua. Mama mdogo huyo akaniambia atakaa kwake kwa muda, atasoma shule ya hapa. Mtoto alikuwa amebeba begi la shule lililotuna. Nilimwambia aliweke pembeni na mengine.

"Sitaki," alisema.

Hilo ndilo neno nililolisikia kwake kwa miezi minne. Njoo ukae mbele. Sitaki. Shika mkasi huu. Sitaki. Imba na wenzako. Sitaki. Alikaa karibu na mlango, begi mapajani, mikono juu ya begi. Siku tuliyojenga mnara wa Babeli kwa makopo, wenzake walipofika kopo la ishirini, alinyoosha mguu akaubomoa, kisha akanitazama aone nitafanya nini. Nilifoka. Hakushtuka hata kidogo, na kutoshtuka kwake kukaniudhi zaidi.

Nilimfuata mama yake mdogo baada ya ibada, nikiwa bado nimefura.

"Huyu mtoto ana nini?"

Alinivuta kando. Akanieleza kwamba maji yaliingia ndani ya nyumba yao alfajiri, yakachukua mahindi, mbuzi wawili na ukuta wa jikoni. Dada yake alibaki kulekule Kitaya, kwenye kibanda cha ndugu, akiwa na mtoto mchanga mgongoni, alime upya na kutafuta pa kujenga juu, mbali na mto. Huyu mkubwa akapelekwa mjini.

"Na lile begi?"

"Ni nguo zake zote, mwalimu. Kila Jumapili anazipanga humo. Anasema mama yake anaweza kuja tukiwa kanisani, asimkute, akaondoka."

"Si umwambie mama yake hawezi kuja bila kupiga simu?"

"Nimemwambia. Akanijibu kama angekuwa anamtaka, asingembakiza mdogo akamtupa yeye." Alitazama chini. "Dada akipiga simu, wanaulizana hali tu. Hilo jambo hakuna anayelianza."

Hasira zilinishuka mpaka miguuni. Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo nikawa mpole kwake. Nilijitahidi wiki mbili.

Mwezi wa nane zamu ya Musa ikafika, na nikaona hapa ndipo penyewe. Mama aliyemweka mwanawe majini ili apone: si ndiyo hadithi ya binti huyu? Nilipanga Jumamosi tutengeneze visafina, Jumapili tukaviweke majini ufukweni. Nilikwenda kwa bibi wa jirani kumwomba atufundishe kusuka.

"Nabii Musa?" alisema. "Hata sisi tunaye. Mama yake alitiwa moyo asiogope, kisha dada mtu akafuata kando kando anachungulia. Unataka vya ukindu?"

"Ndiyo."

"Weye mtu wa bara una kichaa. Ukindu hao watoto wako watasuka mpaka Krismasi. Nitawafundisha vipakacha vya makuti mabichi, kila mtu atamaliza chake kabla ya alasiri."

Na kweli walimaliza. Jumamosi hiyo bibi alikaa katikati ya chumba chetu kwenye mkeka wake, kilemba kichwani, watoto wamemzunguka, vidole vyao vikigongana kwenye makuti. Hata yule binti wa Kitaya alisuka, begi bado mapajani. Alisuka haraka kuliko wote, bila kufundishwa, na chake kilikuwa kimekaza. Nilimsifu, akanitazama kama ninayemtaka kitu. Bibi alipomaliza akarudi kwake kuswali alasiri.

Sasa Maandiko yanasema mama yake Musa alikipaka kisafina lami ili maji yasiingie. Mimi si mtu wa kuruka jambo kama hilo. Lami ya barabara sikuitaka, ila fundi seremala wa mtaani kwetu nilikuwa nimemwona akipaka miimo ya milango kitu cheusi kizito cha kufukuza mchwa. Nilimwomba kidogo, akanijazia kidumu cha lita moja. "Ni mafuta ya maganda ya korosho, dada," alisema. "Paka kwa brashi, uache juani yakauke." Mimi nilichosikia ni kukauka tu. Mtu yeyote aliyekulia Mtwara angejua mafuta hayo yanachofanya kwenye ngozi. Fundi hakuniambia kwa sababu hapa hakuna asiyejua. Lakini korosho nilizozijua mimi ni zile zilizo kwenye karatasi zangu za ofisini, tani na magunia, na nyingine ni zile nyeupe za kula.

Niliyamimina kwenye sinia. Brashi ilikuwa moja, watoto ishirini na saba. "Tutapaka kwa mikono," nikasema, "kama mama yake Musa alivyopaka." Nikachovya kiganja changu cha kushoto, nikakipaka kipakacha cha mfano. Kilipendeza, cheusi kinachong'aa. Watoto wakasogea na vipakacha vyao, mikono imenyooka.

"Nsishike!"

Ilikuwa sauti ya binti wa Kitaya, kwa lafudhi ya kwao: msishike. Alisimama, begi likamwanguka miguuni, akawaruka wenzake, akalipiga teke sinia. Mafuta yalimwagika sakafuni na kwenye mguu wa meza. Watoto wakarudi nyuma wakipiga kelele.

"Ya korosho hayo! Yatawatoa ngozi nkononi!"

Nilimwona yuleyule wa mnara wa Babeli. Maandalizi ya siku tatu yalikuwa yamemwagika chini. Niliinua kiganja changu mbele ya darasa zima. "Nimetoka ngozi? Haya, niambieni, nimetoka?" Kiganja kilikuwa kizima. Mafuta yale hayaunguzi papo hapo, yanasubiri, na hilo pia sikulijua. Nilimshika bega nikamtoa nje. Nikaliokota begi lake nikaliweka kizingitini. Nikamwambia maneno ambayo sipendi kuyaandika, lakini ndiyo yaliyonitoka: "Kama hutaki kukaa na wenzako, nenda kwenu."

Alilitazama begi, akalivaa mgongoni, akaondoka bila kugeuka.

Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikawaambia watoto wakae mbali na sakafu iliyolowa mpaka nipate mchanga wa kufunikia. Nilikuwa nimeshaanza kuyasikia maneno yangu. Nenda kwenu, nimemwambia mtoto ambaye kwao kulikuwa kumeondoka na maji, ambaye kila Jumapili anafungasha ili aende na hana wa kumpeleka. Nikavuta mlango nimkimbilie.

Sikuhitaji kukimbia. Alikuwa anarudi, begi mgongoni, ameshika kibakuli cha majivu kwa mikono miwili, na nyuma yake bibi wa jirani anakuja na chupa ya mafuta ya nazi, kilemba kimekaa upande.

"Nani kakutuma uwape watoto mafuta ya korosho?" Bibi hakusubiri jibu. Alinikamata mkono akaumwagia mafuta ya nazi, akaanza kufuta kwa kitambaa, akamwaga tena, akafuta, kisha sabuni, kisha tena mafuta. "Vingine vyote unauliza, mwalimu. Hili hukuuliza kwa nini?"

"Sikujua kama kuna la kuuliza."

Binti hakunitazama. Alipita kando yangu na kibakuli chake, akawaita wenzake mmoja mmoja, akawapaka majivu viganjani na mpaka katikati ya vidole. Nilidhani majivu yale ni dawa yangu, nikamnyooshea mkono wa pili.

"Si ya kwako," alisema. "Wewe umeshashika. Majivu ni kabla. Haya ni ya hawa, wasije wakagusa mguu wa meza."

Kisha, akiwa ameinamia mikono ya mtoto mdogo kuliko wote, akasema bila kuulizwa, "Sisi tukibangua korosho, mama ananipaka mimi kwanza. Halafu mimi nampaka yeye."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mama yake mbele yangu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikalia mbele ya watoto ishirini na saba wenye mikono ya kijivu. Jioni kiganja kilianza kuwaka, kesho yake kilikuwa na malengelenge. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeumia. Kila nikilikumbuka hilo namshukuru Mungu, na namshukuru aliyepiga teke lile sinia.

Jumapili nilifika nimefungwa bandeji. Habari zilikuwa zimenitangulia, na mzee wa kanisa anayesimamia mafundisho alikuwa amesimama mlangoni, uso wake umekunjamana, akaniambia kwamba tangu sasa ingefaa watoto wakariri kama zamani. Kwetu nilikokulia mtu mzima hamwombi mtoto msamaha. Akimkosea anampa pipi, au anamtuma kitu kwa sauti ya upole, na mtoto anaelewa. Nilikuwa na pipi mfukoni, sitadanganya. Nilimtazama yule binti karibu na mlango, begi mapajani, nikajua pipi haitatosha.

Nilipiga magoti ili macho yetu yalingane. "Jana ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa na makosa. Umewakinga wenzako nikakufukuza. Na nilikwambia neno baya sana. Nisamehe."

Mzee wa kanisa alikohoa.

"Mkono unauma?" aliuliza binti, akionyesha bandeji.

"Unauma sana."

"Utababuka," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa. "Halafu utapona." Akasogeza miguu yake ili nipate nafasi ya kukaa.

Vile vipakacha tulivipaka nta ya mishumaa iliyobaki. Mzee wa kanisa mwenyewe ndiye aliyetuletea vipande kutoka kwenye kabati, na suala la kukariri sikulisikia tena. Ndani tuliweka watoto wa magunzi waliofungwa vitambaa vya kitenge. Bibi alikuwa ameniambia saa ya kwenda, kwa sababu mara ya kwanza nilipowahi kuwapeleka watoto ufukweni tulikuta maji yamekupwa, tukatembea kwenye tope mpaka magotini. Safari hii maji yalikuwa yamejaa na kutulia. Watoto waliviweka vipakacha pembeni palipo na kina kifupi, wakachutama wanavilinda, kila mmoja akijifanya dada yake Musa.

Binti wa Kitaya alibaki amesimama, kipakacha chake amekikumbatia pamoja na begi.

"Mwalimu," alisema. "Musa alikuwa na dada yake mkubwa?"

"Alikuwa naye."

"Kwa nini mama yao hakumtoa huyo mkubwa, akabaki na nchanga?"

Nilielewa anauliza nini, na nilikuwa na majibu. Ningeweza kumweleza habari za Farao na watoto wa kiume. Lakini lilikuwa jibu la Musa, si lake, na kwa mara ya kwanza katika ualimu wangu niliona ni afadhali ninyamaze kuliko kujaza nafasi.

"Wa kwako sijui," nilimwambia. "Tutamuuliza mama."

Kumpata mama yake haikuwa kazi ndogo. Simu yake ilikwenda na mafuriko, akawa anatumia ya mwenye duka pale kijijini, na kando ya mto mtandao unaweza kuhamia upande wa Msumbiji ukamkosa mtu siku nzima. Mama mdogo alituma ujumbe, tukajibiwa tupige Alhamisi saa kumi. Niliomba ruhusa ofisini. Tulikaa kwenye baraza la bibi wa jirani: mimi, mama mdogo, binti na begi lake, na bibi mwenyewe akisuka ukili wa mkeka kama ambaye hasikilizi. Simu tukaiweka kwenye mkeka, sauti juu.

"Ongea na mama," alisema mama mdogo.

"Sitaki."

Nikaanza mimi. Nilimsalimia, nikajitambulisha, naye akaniitikia kwa adabu, akashukuru kwa kumlea mwanawe, akauliza habari za kazi, za nyumbani, za kanisa. Nikaona hivi ndivyo simu zao zote zinavyokwisha. Mama mdogo alinikanyaga mguu nisiseme. Hapo hasira zangu za karibu zikanisaidia kwa mara moja maishani.

"Dada, nisamehe nikuulize waziwazi. Mwanao anataka kujua kwa nini ulimtoa yeye ukabaki na mdogo."

Bibi aliacha kusuka.

"Yuko hapo?" aliuliza mama.

"Yuko. Anasikia."

"Nwambie hivi, mwalimu." Akasita, kisha akaacha kuongea na mimi. "Mwanangu. Yule ntoto nchanga. Ningempeleka kwa mama yako mdogo, mwezi mmoja tu angemwita yeye mama, mimi nikija analia. Wewe hata ukikaa mwaka, hata miwili, mama yako unamjua. Nisingeweza kumtoa anayenisahau. Nilimtoa asiyeweza kunisahau."

Mama mdogo alijifunika uso kwa khanga. Mimi sikuthubutu kumtazama mtoto. Nilitazama kiganja changu kilichoanza kubabuka, kama nilivyoambiwa.

Binti alisogea kwa magoti mpaka kwenye simu, akainama karibu kabisa.

"Mama," alisema. "Nani anakupaka majivu?"

"Hakuna," ilijibu simu. "Nsimu bado. Nakusubiri wewe."

"Usibangue kabla sijaja."

"Sibangui."

Ndipo mtandao ukakatika. Binti alikaa kidogo, kisha akamuuliza bibi kama kitumbua kimebaki. Alipoondoka na mama yake mdogo alikuwa ameshakula vitatu, na nusu saa baadaye nilipoinuka kuaga niliona begi lake bado liko barazani, limeegemea mtungi wa bibi. Alikuwa amelisahau. Tulitazamana, mimi na bibi, na hakuna aliyemkimbilia. Nililipeleka mwenyewe jioni ile, nikagonga mlango wao kwa mkono mzima.

Jumapili iliyofuata alikuja mikono mitupu. Alishika mkasi nilipompa. Bado alisema sitaki, na bado anasema, lakini ikawa sitaki ya mtoto wa kawaida, ya kutotaka kufagia.

Shule zilipofungwa Desemba mama yake alikuwa ameshainua nyumba ya udongo juu, mbali na mto, na nikaomba niwe mimi nitakayempeleka. Tulifika Kitaya adhuhuri. Sitaeleza walivyokutana, hayo ni yao. Nitasema tu kwamba mtoto mchanga, ambaye sasa alikuwa anasimama kwa kushika ukuta, alimtazama dada yake akalia, na dada yake akacheka, akamwambia mama, "Umeona? Kweli anasahau."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na rundo la korosho zilizokaangwa na maganda yake, nyeusi, na jiwe la kugongea. Zilikuwa zimerundikana tangu msimu uanze. Mama alikuwa ameuza alizoweza kuuza na maganda yake, lakini za kubangua nyumbani hakuwa amegusa hata moja. Alileta kibakuli cha majivu akakiweka katikati yetu watatu, akanyoosha mkono ampake mwanawe kwanza, kama kawaida yao.

Binti aliurudisha mkono wa mama yake kwa upole. Alichota majivu, akashika kiganja changu cha kushoto, penye baka, akaanza kukipaka.

"Mwalimu kwanza," alimwambia mama yake. "Huyu hakuwa na ntu wa kumpaka."